Plasma imezimika: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa fundi

Moto wa SNEL unarudi usiku, taa zinawaka, friji inaanza kuunguruma, lakini televizio ya mu salo inabaki kimya. Ao inatoa sauti bila picha. Ao taa yake ndogo nyekundu inaonekana, mtu anafinya telekomande, inasikika «tak», kisha inazimika tena. Mu Kolwezi, mu Fungurume, mu Likasi na mpaka Lubumbashi, maneno hayo yanajulikana mu manyumba mingi. Kisha kunakuja swali la feza: kulipa fundi, kununua ingine, ao kutupa?

Jibu linatoka ku kitu kimoja: ni sehemu gani imekufa. Plasma iko na sehemu mbili kubwa. Kuko kioo cha mbele, na kuko makarte ya umeme nyuma yake. Karte ikiungua, mara mingi inaweza kutengenezwa ao kubadilishwa. Kioo kikikufa, televizio imekwisha. Mtu mwenye kujua kutenganisha hayo mawili hawezi kulipa bure, na hawezi kutupa kitu chenye bado kinaweza kupona.

Je, yako ni plasma kweli?

Kwetu watu wanaita «plasma» televizio yote ya bapa, ile inatundikwa ku ukuta. Lakini mingi kati ya hizo si plasma. Ni LCD ao LED, na zinatumika kwa njia ingine kabisa. Fundi mwenye kuambiwa «plasma yangu imekufa» atakuja na mawazo ya plasma, kumbe nyumbani kuko LED.

Namna ya kujua ni rahisi. Angalia karatasi ya nyuma ya televizio, fasi kunaandikwa modeli na umeme. Ku Samsung, modeli yenye kuanza na PS ni plasma, lakini UE ao UA ni LED. Ku Panasonic, TX-P ni plasma, TX-L ni LCD. Ku LG, kisha hesabu ya ukubwa, herufi P kama 42PQ ao 50PJ inaonyesha plasma. Angalia tena wati: plasma ya inchi 42 inaandikwa wati 200, 300 ao zaidi. LED ya ukubwa ule ule inaomba wati 50 mpaka 100 hivi.

Bila kusoma, kuko alama zingine. Plasma ni nzito, mtu mmoja anahangaika kuibeba. Mbele yake ni kioo kabisa, kigumu, chenye kung'aa kama dirisha. Ukifinya polepole LCD na kidole, picha inacheza. Plasma haichezi. Tena plasma inatoa joto: ukikaribisha mkono mbele yake baada ya saa moja, unasikia joto.

Alama ya mwisho ni miaka. Panasonic iliacha kutengeneza plasma mwisho wa mwaka 2013. Samsung na LG ziliacha mwaka 2014. Kwa hiyo plasma yoyote yenye iko mu nyumba leo ni ya zamani, na televizio «plasma mpya» yenye inauzishwa leo mu soko si plasma, ni LED tu.

Namna inatumika ndani

Plasma ilivumbuliwa mwaka 1964 ku Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Wazo lake ni lile la taa ndefu nyeupe za neo zenye tunaona mu maofisi. Kati ya vioo viwili kuko vyumba vidogo sana, zaidi ya milioni moja, na mu kila chumba kuko gazi ya neon na xenon. Umeme ukipita, gazi inawaka na kutoa mwanga wenye jicho halioni. Mwanga huo unapiga poda ya rangi nyekundu, kijani ao buluu, na poda inaangaza. Picha yote ni vyumba hivyo vyenye kuwaka na kuzimika haraka sana.

Ili gazi iwake, inaomba umeme wa nguvu, karibu volti 200, wenye kupigwa mara maelfu kwa kila sekunde. Ndiyo maana nyuma ya kioo kuko makarte mingi. Ya kwanza ni karte ya umeme, yenye kupokea umeme wa prizi. Ya pili na ya tatu zinakaa kushoto na kuume, ndizo zinapiga gazi ili iwake. Mafundi wanaziita karte Y na karte Z ao X. Kuko tena karte ndogo zenye kugawa umeme ku mistari ya kioo, na karte kubwa ya katikati yenye kupokea picha ku dekodere na anteni.

Karte zenye kubeba umeme mkali ndizo zinachoka mbele ya zingine. Na kwetu zinachoka haraka zaidi, juu umeme wenyewe hautulii.

Adui wa kwanza: umeme wenye hautulii

Kolwezi iko karibu na mabarazhi ya Nzilo na Nseke ku mto Lualaba, yenye yalijengwa mu miaka ya 1950. Tena mji unapokea umeme wa Inga kwa mstari wa karibu kilometre 1700 wenye ulianza kutumika mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini mabarazhi na mistari hiyo ilijengwa kwanza juu ya migodi, na mpaka leo migodi ndiyo inakula sehemu kubwa. Mu makartie, kabini moja inabeba manyumba mingi kuliko ilivyopangwa. Saa ya kupika, mangaribi, volti zinashuka. Usiku sana zinapanda. Delestaji ikimalizika, moto unarudi kwa kishindo.

Televizio mingi za Ulaya zinakubali volti 220 mpaka 240. Volti zikishuka, karte inavuta nguvu zaidi ili itoshe, na inapata joto. Siku mingi za namna hiyo zinakausha vile vikopo vidogo vyenye kuitwa kondansatere. Volti zikipanda sana, kitu kinaungua mara moja.

Hatari kubwa kuliko zote ni waya ya netre kukatika ku nguzo ao ku kabini. Hapo prizi ya volti 220 inaweza kupokea mpaka karibu 380. Alama yake inaonekana: taa zingine mu nyumba zinawaka sana kuliko kawaida, zingine zinafifia. Ukiona hivyo, usingojee. Shusha disjonktere ya nyumba yote, kisha ita watu wa SNEL na ujulishe majirani. Mu dakika moja tu televizio, friji na makarte ya dekodere zinaweza kuungua pamoja.

Ulinzi wenyewe ni huu:

– Moto ukienda, toa prizi. Kuzima na telekomande haitoshi, juu taa nyekundu ikiwaka televizio bado imeungwa ku umeme.

– Moto ukirudi, ngojea dakika tano mpaka kumi mbele ya kurudisha prizi. Acha taa ya nyumba ionyeshe kwanza kama umeme umetulia.

– Tumia stabilizatere yenye kukata yenyewe volti zikipita kipimo, na yenye kungojea kidogo mbele ya kurudisha moto. Kwa plasma ya inchi 42, ya VA 1000 inatosha. Kwa inchi 50 na zaidi, chukua ya VA 2000.

– Usifunge friji ku stabilizatere moja na televizio. Friji ikianza, inavuta nguvu mara moja na kuangusha volti.

– Wakati wa mvua, toa prizi ya umeme na kamba ya anteni ao parabole. Radi inaingia kwa njia zote mbili.

Maneno ya radi si ya kudharau. Utafiti wa satelaiti wenye ulitangazwa mwaka 2016 ulionyesha kama fasi ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi ni Kabare, Kivu ya Kusini. Na Lualaba, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa ine, mvua inakuja na radi karibu kila juma.

Grupu ndogo za benzini nazo ziko na shida yao. Plasma haivuti nguvu sawasawa: picha nyeusi inavuta kidogo, picha nyeupe kama uwanja wa mpira mu jua inavuta mingi. Grupu ndogo inafuata hiyo mbio kwa shida, na volti zinacheza. Kama hakuna stabilizatere kati yao, afazali plasma isitumike ku grupu.

Alama za ugonjwa na maana yake

*Haiwaki kabisa, hata taa nyekundu haionekani.* Anza na vitu vyenye havilipishwi. Weka taa ao sharjere ya telefone ku prizi ile ile. Ondoa ralonji, funga televizio ku ukuta moja kwa moja. Angalia kama kuko suishi ndogo ku upande ao chini ya televizio. Prizi ya miguu mitatu ya Uingereza iko na fizibo ndani; hiyo inaweza kuungua peke yake na inabadilishwa kwa bei ndogo. Kama yote ni sawa, shida iko ku karte ya umeme. Mara mingi inatengenezwa.

*Taa nyekundu inawaka, inasikika «tak», kisha inazimika.* Hapa televizio inajilinda. Imesikia kama karte moja ina ubaya, ikakata moto. Panasonic zinapepesa taa nyekundu kwa hesabu: mara saba, kisha kimya, kisha tena mara saba. Hesabu hiyo ni ya maana sana. Iandike na umwambie fundi, juu kila hesabu inaonyesha upande wenye shida. Kama televizio inapiga «tak tak tak» mara mingi kisha inawaka baada ya dakika kumi, mara mingi ni kondansatere zimevimba ku karte ya umeme. Hiyo ni kati ya kazi za bei ndogo. Usiendelee kuilazimisha kila siku, juu kondansatere zenye kuchoka zinaua makarte mengine.

*Kuko sauti lakini hakuna picha.* Zima taa za nyumba, karibia kioo na uangalie. Kama kuna mwanga mdogo sana mu giza, kioo pengine ni kizima na shida ni ku karte inayoleta picha. Kama ni giza kabisa, fundi ataanza ku karte Y na Z. Hizo zinaungua mara mingi, na zinapatikana zenye zimetolewa ku televizio zingine.

*Mistari ao bendi ku picha.* Kwanza fungua menyu ya televizio yenyewe, si ya dekodere. Kama menyu ni safi lakini picha ni mbaya, televizio ni nzima: shida ni dekodere, kamba ao parabole. Kama mistari inapita hata juu ya menyu, shida ni ya televizio. Hapo angalia mistari inaelekea wapi. Bendi yenye kulala, kutoka kushoto mpaka kuume, inatoka mara mingi ku karte ndogo za upande, na inaweza kutengenezwa. Mstari wenye kusimama, kutoka juu mpaka chini, mara mingi unatoka ku vipande vyenye vimegandishwa ku kioo chenyewe. Hiyo haina dawa ya bei nzuri.

*Vitone vya rangi vinacheza kama mchanga, zaidi ku picha nyeusi.* Kioo kikizeeka, kinaomba umeme tofauti kidogo ili gazi iwake sawasawa. Nyuma ya kioo, ndani, kuko karatasi yenye volti za kioo hicho. Fundi mwenye multimetre anasoma karatasi, anapima, anarekebisha ku karte. Hiyo si kazi ya kujaribu bila kipimo: volti zikizidi, kioo kinaweza kufa.

*Kivuli cha alama ya chaneli kinabaki.* Hii ni shida ya plasma kuliko televizio zingine. Alama ya chaneli ao hesabu ya mabao yenye kukaa fasi moja kwa masaa inachosha poda ya rangi pale. Mu manganda na fasi za kuangalia mpira, chaneli moja inawaka tangu asubuhi mpaka usiku, na kivuli kinaonekana haraka. Kama ni kipya, kinaweza kutoka: punguza mwanga na kontraste, weka picha zenye kujaa kioo chote na kutembea, kwa masaa mingi. Televizio zingine ziko na kitu mu menyu chenye kupitisha rangi nyeupe ku kioo chote. Kama kivuli ni cha miaka, hakitatoka, na fundi mwenye kuomba feza ili akiondoe anakudanganya.

*Inalia kama nyuki.* Plasma inalia kidogo kwa asili yake. Tena Kolwezi iko zaidi ya metre 1400 juu ya bahari, na Goma na Bukavu nazo ziko juu namna hiyo. Fasi ya juu hewa ni nyepesi, haifinyi vioo sana, na vioo vinatetemeka zaidi. Mlio mdogo wenye kufuata mwanga wa picha si ugonjwa. Lakini mlio wenye kupasuka, «tsss, tak», pamoja na harufu ya kuungua, ni hatari. Toa prizi mara moja.

*Inazimika baada ya saa moja ao mbili.* Fikiri joto kwanza. Vumbi nyekundu ya Kolwezi, ile makamio ya migodi yanainua, inaingia mu matundu ya nyuma na kuziba. Toa prizi, ngojea ipoe, kisha fagia matundu kwa burashi laini ya rangi, kwa nje. Usimwagie maji. Acha nafasi ya sentimetre 10 kati ya televizio na ukuta, na usifunike na kitambaa wakati inawaka. Kama iko na ventilatere ndani, sikiliza kama bado inazunguka.

*«Hakuna signale».* Mara mingi ni mtoto amefinya telekomande. Tafuta kifungo cha kuchagua njia ya kuingia, pita moja moja. Baada ya radi, tundu moja la HDMI linaweza kufa na lingine kubaki zima. Jaribu lile lingine mbele ya kusema televizio imekufa.

*Kioo kimepasuka.* Hata ufa mdogo kama unywele unatosha. Gazi inatoka, na sehemu ile haiwaki tena. Hakuna kushona kioo hicho. Hapa kazi imekwisha, makarte yake tu ndiyo yanaweza kusaidia televizio ingine.

Usiifungue nyumbani

Vijana wengi wa Kolwezi wako na akili ya kufungua vitu, na turnevisi haikosi. Lakini plasma inaweza kuua hata kama prizi imetoka. Kondansatere kubwa ya karte ya umeme inashika karibu volti 400, na za karte Y na Z karibu 200, na zinaweza kubaki nazo muda kisha kuzima. Fundi wa kweli anazimaliza kwanza kwa taa ao rezistansi, kisha anapima na multimetre mbele ya kugusa. Mwenye kuzigonganisha na turnevisi ili zitoe cheche anaharibu karte na kujihatarisha mwenyewe.

Tena kuko tabia mbaya yenye inajulikana: fizibo imeungua, mtu anafunga waya ya shaba pale. Fizibo iliungua juu ilikuwa inakataza kitu kibaya kupita. Waya ya shaba haikatazi kitu. Kinachofuata ni karte nzima kuungua, na siku ingine ni nyumba.

Watoto wakae mbali wakati televizio iko wazi. Na mama ao baba mwenye nyumba anaweza kumwambia fundi bila haya: «Pima kwanza, tuone.»

Kuongea na fundi

Mbele ya kumwita, andika mambo matatu: modeli yenye iko nyuma, alama ya ugonjwa, na siku ilianza namna gani. Ilikuwa wakati moto umerudi? Ilikuwa mu mvua? Ilianguka? Jibu hilo linafupisha kazi.

Patana kwanza bei ya kuangalia tu, mbali na bei ya kutengeneza. Mwombe aonyeshe karte yenye imekufa. Ku kila karte kuko namba: Samsung mara mingi BN44 ao LJ, LG mara mingi EAX ao EBR, Panasonic TNPA. Piga picha ya namba hizo mbele televizio itoke mu nyumba. Picha inasaidia kutafuta karte Lubumbashi ao kwa wauzishaji wa vitu vya okazio, na inasaidia kujua kama makarte yako yanarudi yote. Karte ya modeli yenye kufanana haitoshi. Namba inapashwa kuwa ile ile, ao ile fundi anajua kama inakubaliana.

Akimaliza, televizio iwake mbele yako angalau saa moja, juu shida mingi inarudi wakati ya joto. Omba karte ya zamani. Na patana siku ngapi anaweza kurudi bila kulipwa tena kama ugonjwa ni ule ule.

Bei ikipita nusu ya bei ya televizio ingine ya okazio yenye kutumika vizuri, fikiri mara mbili. Karte moja imebadilishwa, lakini zingine ziko na miaka ile ile.

Kubeba nako ni kazi. Plasma inabebwa yenye kusimama, na watu wawili, na haipashwi kulala kifudifudi mu kamio ao nyuma ya pikipiki. Uzito wa kioo ukilala, shimo moja la barabara linatosha kukipasua.

Kuendelea nayo ao kuiacha?

Hesabu ya umeme nayo inahusika. Plasma ya wati 300 yenye kuwaka masaa matano kwa siku inakula kilowati-saa 1,5. LED ya inchi 32 ya wati 50 inakula 0,25 kwa muda ule ule, mara sita kidogo. Kwa jamaa yenye iko na panelo za jua na batri, plasma itamaliza batri mbele sinema haijafika katikati. Kwa jamaa yenye iko na SNEL na stabilizatere, plasma nzima bado inaonyesha nyeusi ya kweli na mpira bila kivuli, na hakuna sababu ya kuifukuza.

Mwenye kununua okazio aombe kuiona ikiwaka nusu saa, mu fasi yenye giza kidogo. Aweke picha nyeupe ili aone vivuli, kisha picha nyeusi ili aone vitone. Apitishe kidole ku pembe zote ine za kioo. Asome nyuma: kama kumeandikwa volti 120 tu, ilitoka Marekani, na ku prizi yetu ya 220 itaungua siku ya kwanza bila transformatere.

Na ile yenye imekufa kabisa isichomwe mu lupango. Vioo vya plasma za zamani viko na madini ya risasi ndani, na kuchoma kamba ili kupata shaba kunatoa moshi wa sumu wenye watoto wa kartie wanapumua. Mpe fundi. Kioo ni bure, lakini karte Y nzima, karte ya umeme ao hata ventilatere inaweza kufufua plasma ya mtu mwingine. Viwanda havitengenezi tena vipande hivyo. Vyenye vinapatikana leo vinatoka mu televizio zenye zilikufa mbele.